Hofu, Woga na Kicho: Maneno ya Kiingereza ya Hofu na Tafsiri Zake za Kiswahili, kwa Mtazamo kutoka Endasak

1.0 Utangulizi

Endasak ni kata ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, katika barabara itokayo Babati kwenda Katesh na Singida, jirani na Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Kwa mwanaisimu, eneo hili lina sifa ya pekee. Katika wilaya za Hanang na Mbulu na majirani zake hukutana lugha zisizo na asili moja. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga ni ya Kiniloti. Kinyaturu, Kinyiramba na Kirangi ni za Kibantu. Na upande wa Ziwa Eyasi na Kondoa zimo Kihadza na Kisandawe, lugha zenye vidoko. Kießling, Mous na Nurse (2008) wameliita eneo hilo la Bonde la Ufa kuwa ni eneo moja la kiisimu, kwa sababu lugha zake zimekaa pamoja muda mrefu kiasi cha kuambukizana sifa.

Juu ya lugha zote hizo kipo Kiswahili. Ndiyo lugha ya shule ya msingi, ya zahanati, ya mnada na ya mahakama ya mwanzo. Nyuma ya Kiswahili kipo Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya awali ya miongozo mingi, fomu na madodoso yanayofika vijijini. Kwa hiyo swali lililoandikwa kwa Kiingereza mezani mwa mtaalamu huvuka vivuko viwili kabla ya kumfikia mkulima au mfugaji wa Endasak: hutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha hutoka Kiswahili kwenda lugha ya nyumbani. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyohiyo.

Mhadhara huu unachunguza kivuko cha kwanza, na katika kivuko hicho unachukua kundi moja tu la msamiati, yaani maneno ya hofu. Hoja yake ni kwamba Kiingereza na Kiswahili havigawi uwanja wa hofu kwa vigezo vilevile. Kiingereza hugawa zaidi kwa kiwango cha hofu na kwa kujulikana au kutojulikana kwa kiini chake. Kiswahili huuliza maswali mengine: je, hofu imetokana na tukio au na tabia ya mtu? Je, kinachoogopwa kinaheshimiwa? Je, akili ya mwenye hofu imetulia au imevurugika? Mfasiri asiyeyajua maswali haya anaweza kutoa sentensi sahihi kisarufi iliyopotosha jambo lenyewe, na mwenye kulipa gharama ya upotoshaji huo huwa ni mgonjwa, shahidi au mkimbizi.

2.0 Uwanja wa hofu katika Kiingereza, na fundisho la Kipolandi

Anayefungua kamusi za Kiingereza na Kiswahili huona kwamba maneno "fear", "dread", "terror", "fright", "alarm", "panic", "anxiety" na "awe" hupewa visawe vichache vinavyojirudia: hofu, woga, kitisho, wasiwasi. Msomaji anaweza kudhani kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Ukweli si huo. Kiswahili kina maneno mengi ya hofu. Tatizo ni kwamba mipaka yake haikai juu ya mipaka ya Kiingereza.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Mfano unaojulikana sana katika isimu ya hisia unatoka Kipolandi, lugha ambayo iliwahi kusikika pia kaskazini mwa Tanzania wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi walipowekwa Tengeru karibu na Arusha, na wengine katika kambi nyingine za Tanganyika. Kipolandi kina "strach", hofu ya jambo linalojulikana. "Lęk", hofu ya ndani isiyo na sura dhahiri. "Obawa", hofu ya kimawazo kuhusu matokeo. "Trwoga", hofu kuu inayotikisa. Na "bojaźń", hofu yenye unyenyekevu, hasa mbele ya Mungu. Mwingereza anaweza kutumia neno "fear" kwa karibu hayo yote. Ndiyo maana kitabu cha Kierkegaard cha mwaka 1843, ambacho jina lake la Kiingereza limebeba neno "fear", kinapoingia Kipolandi hubeba "bojaźń", si "strach". Mpolandi anaambiwa kuanzia jalada ni hofu ya aina gani inayozungumzwa. Mwingereza hana budi kusoma ili ajue.

Anna Wierzbicka, mwanaisimu mzaliwa wa Polandi aliyefanya kazi Australia, alitumia tofauti za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu hisia katika lugha na tamaduni mbalimbali. Alisisitiza kwamba maneno ya hisia ya Kiingereza yasifanywe kipimo cha ulimwengu mzima. Badala yake, kila neno lifafanuliwe kwa dhana nyepesi zinazopatikana katika lugha zote, kama vile kujua, kutaka, kutokea, zuri na baya. Kwa njia hiyo mfasiri haulizi kwanza "neno hili ni lipi kwa Kiswahili?" bali "mwenye hisia hii anafikiri nini?" Njia hiyo ndiyo inayofuatwa katika sehemu ijayo.

3.0 Uwanja wa hofu katika Kiswahili

3.1 Kuogopa na woga

Kitenzi -ogopa ni cha asili ya Kibantu, nacho ndicho cha kawaida kuliko vyote. Huchukua yambwa moja kwa moja, na yambwa hiyo ndiyo chanzo cha hofu:

(1) Mtoto anaogopa nyoka.
(2) Wanafunzi wanamwogopa mwalimu.

Katika kitenzi hiki hamna lawama. Mtu shujaa anaweza kusema ameogopa, na asipunguziwe heshima. Mambo hubadilika tunapofika kwenye nomino. Woga na mwoga ni maneno ya tabia. Mwenye hofu leo anaweza kuwa hana hofu kesho. Lakini mwoga ni mwoga leo, kesho na keshokutwa. Linganisha:

(3) Ana hofu ya kuvuka mto.
(4) Ni mwoga wa kuvuka mto.

Sentensi ya (3) inaeleza hali, na pengine mto umefurika. Sentensi ya (4) inamhukumu mtu. Kwa Kiingereza, sentensi zote mbili zingeweza kuelezwa kwa kivumishi "afraid", na hapo ndipo mfasiri anayerudi kutoka Kiingereza hujikwaa. Ni kweli kwamba lahaja hazilingani: nchini Kenya na mashariki ya Kongo, "kuwa na woga" husikika kwa hofu ya kawaida isiyo na lawama. Jambo hilo lina uzito wake, kama itakavyoonekana katika sehemu ya tano.

Hata hivyo, lawama iliyomo katika neno mwoga si ya moja kwa moja. Methali isemayo "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio" inautambua woga kuwa ni busara ya kuishi. Msemo wa siku hizi, "Woga wako ndio umaskini wako", unasema kinyume chake. Jamii moja imehifadhi hukumu mbili, na mfasiri hana budi kusikia ni ipi inayotolewa.

3.2 Hofu

Hofu imetoka Kiarabu, kutoka neno "khawf". Katika Kiswahili cha leo ndilo neno pana na lisilo na hukumu, na ndilo linalochukua sentensi nzima nyuma yake: "kuna hofu kwamba mvua itazidi". Kwa dhana nyepesi, mwenye hofu anafikiri hivi: jambo baya linaweza kutokea, sitaki litokee, sijui kama nitaweza kulizuia.

Vitenzi vyake, -hofu na -hofia, vina kazi ambayo -ogopa haiwezi kuifanya:

(5) Anahofia maisha yake.
(6) Anaogopa maisha yake.

Katika (5) maisha ndiyo yaliyo hatarini. Katika (6) maisha yenyewe ndiyo yanayotisha, na msikilizaji atashangaa ni maisha ya namna gani. Kiingereza hutofautisha maana hizi kwa kihusishi: hofu "for" kitu na hofu "of" kitu. Kiswahili hutofautisha kwa kuchagua kitenzi. Mfasiri anayeshika mzizi mmoja tu wa -ogopa ameipoteza tofauti hiyo.

Inafaa pia kutazama namna hofu inavyoungana na mwenye hofu. Kiswahili husema mtu ameingiwa na hofu, ameshikwa na hofu, amejawa na hofu, au hofu imetanda. Katika miundo hii mtu si mtenda. Hofu hutoka nje, ikaingia kama mgeni asiyealikwa au ikafunika kama wingu. Kwa hiyo swali linalomtaka msemaji aeleze "hofu yake" kama kitu anachokitenda huenda kinyume na mazoea ya lugha.

3.3 Kucha, kuchelea na kicho

Kitenzi -cha, chenye maana ya kuogopa kwa unyenyekevu, ni cha kale. Ndugu zake wako hai katika lugha nyingine za Kibantu: Waganda husema "okutya" na Washona husema "kutya" kwa maana ya kuogopa. Katika Kiswahili, kitenzi hiki kimesogezwa pembeni na -ogopa, pengine kwa kusaidiwa na ufupi wake na kufanana kwake na -cha ya mapambazuko. Lakini hakikufa. Kimebaki katika dini, ambako Waislamu na Wakristo humtaja mcha Mungu, uchamungu na kicho. Wafasiri wa Biblia na wa Kurani walikuta neno hili tayari na wakalitumia pale ambapo Kiingereza kilikuwa na "fear" tu na Kipolandi kilikuwa na "bojaźń". Katika jambo hili Kiswahili na Kipolandi viko upande mmoja, na Kiingereza kiko upande mwingine.

Mnyambuliko wake -chelea umeishi nje ya dini pia. Methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye" haisemi kwamba mzazi anamwogopa mwana. Anachohofia ni matokeo, na kwa hofu hiyo anaacha kutenda linalopasa. Msomi anayeandika "nachelea kusema" naye anasita kwa adabu. Hapa ndipo panapopatikana kisawe kizuri cha matumizi ya adabu ya Kiingereza, pale mtu anapotanguliza "I am afraid" kabla ya habari isiyopendeza. Mpolandi angesema "obawiam się". Mswahili anaweza kuchelea, kusikitika au kuomba samahani, hawezi kuogopa. Katibu wa ofisi anayemwambia mgeni "Naogopa mkurugenzi hayupo" amezungumza Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili.

Uhusiano wa hofu na heshima una mifano mingine katika historia ya maneno. Haiba imetoka Kiarabu, ambako neno lake la asili lina maana ya kicho na fahari inayotisha. Katika Kiswahili, hofu imedondoka na mvuto umebaki. Lugha ya vijana nayo imefanya safari hiyohiyo kwa kasi zaidi: mchezaji hodari husifiwa kwamba "anatisha". Kiingereza kiliwahi kufanya hivyo kwa "terrific", ambalo lilizaliwa katika familia ya "terror" na sasa ni sifa njema.

3.4 Maneno ya mvurugiko

Kundi la nne ni la hofu inayoonekana kwa kuvurugika kwa akili au mwenendo. Humo mna fadhaa, taharuki, kiwewe, wahaka, kimuyemuye, jakamoyo na wasiwasi. Fadhaa katika Kiarabu ni hofu kuu. Katika Kiswahili ni kuchanganyikiwa. Taharuki katika Kiarabu ni mwendo au kusogea; katika Kiswahili ni mhemko wa watu walioshtushwa, na katika uhakiki wa fasihi ni ile hali ya msomaji kutaka kujua litakalofuata. Kiwewe ni hali ya aliyepigwa na jambo hata asijue la kufanya, na siku hizi hutumiwa na wataalamu wa afya ya akili kwa madhara yanayobaki baada ya janga.

Wasiwasi unastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa ndio unaopewa kazi ya kufasiri "anxiety". Asili yake ni Kiarabu, ambako ni mnong'ono unaotia shaka moyoni, na kwa maana hiyo neno limo katika sura ya mwisho ya Kurani. Maana ya shaka haijaondoka. Mswahili akisema "nina wasiwasi naye", huenda anamhurumia mtu kwa yatakayompata, au huenda anamshuku kuwa si mwaminifu. Neno "anxiety" halina upande huo wa pili. Kwa upande mwingine, "anxiety", pamoja na "Angst" ya Kijerumani, limetoka katika mzizi wenye maana ya kubana. Kiswahili kina neno lenye picha hiyohiyo, dhiki, kutoka Kiarabu cha wembamba na finyu. Lakini dhiki imekwenda upande wa shida na ufukara. Picha ni moja, ila njia zimeachana.

3.5 Hofu ya mwilini

Mwisho, Kiswahili huieleza hofu kwa viungo vya mwili. Moyo hupiga paa, hulipuka, huenda mbio, roho huwa juu, mwili husisimka, nywele husimama, na vichwa vya habari vya magazeti huwaona wanasiasa wakiwa "matumbo joto". Aliyetiwa maini ametiwa ujasiri. Kitenzi -shtuka, kilichomo katika methali ya aliyeumwa na nyoka kushtuka aonapo ung'ongo, hakielezi fikra yoyote. Kinaeleza mwili uliotangulia akili. Methali hiyo ni maelezo kamili ya jambo ambalo madaktari huliandikia kurasa nyingi, yaani mwili wa aliyepatwa na janga kukumbuka kabla yeye mwenyewe hajakumbuka.

4.0 Dodoso la Kiingereza na mgonjwa wa Hanang

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na miti vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa na wengi walipoteza makazi. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa asili ya volkano, wako waliodhani kwamba umelipuka. Serikali ilieleza kuwa hapakuwa na mlipuko, bali sehemu ya mlima iliyonyonya maji ilimeguka.

Baada ya janga la namna hiyo, mhudumu wa afya anapaswa kujua ni nani anayehuzunika kama ilivyo kawaida ya binadamu na ni nani anayehitaji tiba. Moja ya zana zinazotumika sana duniani kwa kazi hiyo ni dodoso la maswali saba lijulikanalo kwa kifupi kama GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006. Humwuliza mtu ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, amesumbuliwa na hali fulani. Swali lake la kwanza, katika Kiingereza, lina maneno matatu ya hofu kwa pamoja. La pili na la tatu yanahusu mawazo yasiyozuilika. La mwisho linahusu kuogopa kana kwamba jambo baya litatokea.

Mfasiri mwenye visawe viwili tu, wasiwasi na hofu, atamwuliza mtu yuleyule wasiwasi mara tatu na hofu mara moja. Mjibu atadhani hakueleweka, au kwamba anajaribiwa kama anasema kweli. Tena alama za dodoso hujumlishwa: swali moja lililoulizwa mara tatu huhesabiwa mara tatu. Ukubwa wa ugonjwa utakaoandikwa kwenye faili utakuwa umetokana, kwa sehemu, na upungufu wa tafsiri.

Chukulia zaidi kwamba anayeulizwa ni mama wa Endasak ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw au Kidatooga, na Kiswahili amekipata shuleni na sokoni. Jakamoyo na kimuyemuye, maneno yaliyokomaa pwani, huenda hayamwambii lolote. Akiulizwa "Una wasiwasi?" anaweza kusikia "Unamshuku mtu?", na katika kijiji kilichopatwa na msiba, swali hilo ni zito. Akiulizwa kama usingizi hukatika mvua inapoanza kunyesha, kama moyo humwenda mbio asikiapo ngurumo, kama hushtuka bila sababu, atajibu bila kutafuta neno. Lugha ya mwili, ambayo tafsiri nyingi za kitaalamu huiona kuwa ya mitaani, ndiyo inayovuka vivuko vyote viwili kwa hasara ndogo zaidi.

Eneo hilohilo linatoa mfano wa pili. Miongoni mwa Wadatooga, mwanamke aliyeolewa hutakiwa kutotamka jina la baba mkwe wake na la wakwe wengine wakubwa, pamoja na maneno yanayofanana na majina hayo kwa sauti. Alice Mitchell ameichunguza desturi hii kwa kina katika tasnifu yake ya mwaka 2015. Je, Kiswahili kiseme nini juu ya mwanamke huyo? Kwamba anamwogopa mkwe wake? Anamheshimu? Anamstahi? Anamwonea haya? Kila kitenzi kinasema kweli kwa sehemu. Lakini "anamwogopa" likipita kwenda Kiingereza kama "she fears him", ofisa wa ustawi wa jamii atamwona mwanamke anayepigwa. Likipita kama "respects", atakayesoma hataona kwamba kuna sharti na kuna aibu ya kulivunja. Kumstahi kunakaribia zaidi, kwa kuwa kumebeba heshima, soni na mpaka usiovukwa. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kulipokea neno hilo. Hapo mfasiri hana budi kueleza, na kueleza si kushindwa.

5.0 Hofu mbele ya sheria

Sheria nayo hupima hofu. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, humtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu ya kuteswa, yenye msingi wa kweli. Hadhi yote ya mtu inasimama juu ya neno moja. Wakongomani wengi waliohojiwa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma walihojiwa kwa Kiswahili au kwa kupitia Kiswahili.

Chukulia mhojaji anayeuliza kwa Kiingereza kama mtu anaogopa kurudi kwao, na mkalimani anayesema: "Wewe ni mwoga wa kurudi?" Mwanamume aliyekulia mahali ambapo ujasiri ndio heshima ya mtu mzima atajibu: "Mimi si mwoga." Jibu hilo litaandikwa kwamba hana hofu. Amejibu kwa ukweli swali asiloulizwa na sheria. Sheria haikutaka kujua tabia yake. Ilitaka kujua kama, kwa kadiri ya akili yake na ya mazingira yaliyopo, jambo baya linaweza kumpata. Swali sahihi liko karibu: "Unahofia nini kitakupata ukirudi?" Kitenzi -hofia, kwa kuchukua tukio badala ya tabia, hubeba dhana ya sheria bila kumdhalilisha mjibu.

Nchini Tanzania suala hili limekuwa la ndani zaidi tangu mwaka 2021, mabadiliko ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji. Sheria ya Ushahidi, kwa mfano, hulikataa ungamo lililopatikana kwa vitisho. Kiswahili hapa kina faida: kutisha ni tendo la mmoja, kuogopa ni hali ya mwingine, na kutishika ni matokeo. Mtu anaweza kutishiwa asitishike. Hakimu anayeuliza "Uliogopa?" na anayeuliza "Ulitishwa?" hawaulizi jambo moja, kwa kuwa la kwanza linahusu moyo wa mshtakiwa na la pili linahusu mwenendo wa aliyemhoji.

Hata neno "terrorism" linafundisha. Kiingereza na Kipolandi vimelijenga juu ya hofu kuu. Kiswahili kimelifasiri ugaidi, kutoka gaidi, mnyang'anyi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili husikia ujambazi, na nia ya kuwatia watu hofu, ambayo ndiyo inayolitenganisha kosa hili na unyang'anyi wa kawaida, lazima iongezwe na mtunga sheria kwa maneno mengine. Vivyo hivyo "xenophobia", ambalo katika asili yake ni hofu, limeingia katika Kiswahili kama chuki dhidi ya wageni. Pengine Kiswahili kimesema kweli zaidi. Lakini kimesema jambo jingine.

6.0 Hitimisho

Mambo manne yanajitokeza. Kwanza, woga na hofu visiwekwe katika kamusi kama visawe kamili bila maelezo: kimoja ni cha tabia, kingine ni cha hali, na tofauti za kimaeneo ziandikwe. Pili, -cha, -chelea na kicho yasiachwe kuwa maneno ya ibada tu, kwa sababu yana kazi ambayo -ogopa haiwezi kuifanya. Tatu, wasiwasi usibebeshwe mzigo wote wa "anxiety". Madodoso ya afya yatumie pia maelezo ya mwilini, na yajaribiwe kwa watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Nne, wakalimani wa mahakama na wa wakimbizi wafundishwe kuuliza juu ya tukio linalohofiwa, si juu ya tabia ya anayehofu.

Utafiti uliobaki ni mkubwa, na sehemu yake iliyo muhimu zaidi haiko maktabani. Wanafunzi wenye Kiiraqw, Kidatooga, Kinyaturu au Kirangi kwa lugha ya mama wamo katika vyuo vikuu vya nchi hii. Wao ndio wenye uwezo wa kukichunguza kivuko cha pili: kukusanya maneno ya hofu ya lugha zao, kuyafafanua kwa dhana nyepesi, na kuonyesha yanapokutana na ya Kiswahili na yanapoachana nayo. Kazi hiyo ikifanyika, mhudumu wa zahanati ya Endasak atakuwa na orodha fupi ya maswali yanayoeleweka, na mgonjwa atakayejibu atakuwa amejibu alichoulizwa.